Tetea Aliyekataa Kuwa Huru

Kuku mwenyeji hakosi kamba mguuni. Wahenga walisema kuku mgeni, lakini wahenga hawakupata bahati ya kuishi katika nchi inayosimuliwa hapa, nchi ambayo jina lake halitajwi kwa kuwa kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufungwa mchana ili watumishi wapumzike baada ya kupumzika asubuhi. Huko mgeni hafungwi kamba. Mgeni hupigiwa mizinga na kuwekewa mto wa hariri akalie, na akisema anapenda mayai ya kuku walio huru, basi kabla hajafuta mdomo kuku wote wa nchi wanakuwa huru, watake wasitake.

Ndivyo ilivyokuwa. Walikuja wanunuzi wa mayai kutoka ng'ambo, watu wa adabu waliovaa kofia za ukindu, wakauliza swali moja tu: "Kuku wenu hutembea?"

Mlezi Mkuu wa nchi alishtuka, maana hakuwahi kuulizwa swali tangu akalie kiti. Akajibu haraka, "Hutembea mno! Wengine hatuwaoni miaka."

Kesho yake amri ikatoka, na aliyeisoma redioni ni Siwema Makungu. Nchi nzima ilikuwa na redio moja, na redio hiyo ilikuwa na sauti moja iliyopendwa, ya Siwema. Alipotangaza kuwa unga umepanda bei, watu walisema, "Afadhali limesemwa vizuri."

"Kuanzia leo," alisoma, "kila kuku aliye ndani ya mipaka ya nchi atatoka bandani jua linapochomoza, na atazurura kwa furaha hadi king'ora cha jioni. Kuku akionekana hana furaha, mwenye kuku atahojiwa. Na ili kuku wasitishwe na nyayo za watu, wananchi watabaki majumbani mwao saa zote za uhuru."

Alipofika hapo Siwema akameza mate. Nyuma ya kioo Lwitiko, fundi mitambo, aliinua nyusi, kisha akazishusha. Katika jengo lile nyusi pia zilikuwa mali ya serikali.

Basi kuku wakatoka, watu wakaingia. Waliopewa pasi ya kupita njiani walikuwa wachache: wakaguzi, mawaziri na watu wa redio. Wengine walikaa nyuma ya mapazia wakitazama majogoo wakipita katikati ya barabara kama madiwani. Ilikuwa picha nzuri, na wapiga picha wa serikali waliipiga kwa wingi.

Mwewe hawakuisikiliza redio, au pengine waliisikiliza vizuri kuliko wote. Wiki haikuisha kabla anga halijajaa mabawa. Vicheche nao walikuja kutoka vichakani mchana kweupe, wamenenepa na wamepoteza aibu. Kuku aliyechukuliwa hakuitwa aliyeliwa. Aliitwa aliyehitimu. Wengine walihitimu kupitia mlango wa nyuma wa Wizara ya Uhuru wa Wafugwao, ambako harufu ya mchuzi ilianza saa nne asubuhi na kukaa hadi jioni.

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Mbaruku, alilieleza jambo hilo kwa ufasaha.

"Kuku akinyakuliwa na mwewe," alisema, "si amekufa akiwa huru? Si ameruka juu kuliko kuku yeyote wa bandani? Wenye wivu waseme watakavyo. Sisi kuku wetu wanapaa!"

Wananchi walitakiwa kupiga makofi wakiwa majumbani, madirisha wazi, ili makofi yasikike njiani. Yakasikika.

*

Nyumbani kwa Siwema palikuwa na kuku mmoja tu, tetea mweupe mwenye kishungi cheusi, na jina lake lilikuwa hilohilo, Kishungi. Hakuwa wake. Alikuwa wa shangazi yake, Bi Mwanshamba, aliyemlea Siwema tangu hajaota meno. Mbegu ya kuku wale ilikuja na mama yake Bi Mwanshamba siku alipoletwa kwa mumewe, ndani ya tenga, na tangu hapo haikutoka uani. Kisha mwezi uliopita kideri kikapita. Kiliua matetea, kikaua vifaranga, na mwisho kikamuua jogoo. Akabaki Kishungi, na mayai aliyoyataga jogoo akiwa bado hai.

Hayo ndiyo aliyokuwa ameyalalia. Yakiharibika, hakuna jogoo wa kuyarudisha, na ile mbegu imeisha.

Tetea anayelalia mayai hatoki. Hutoka mara moja kwa siku, akala mbio, akanywa mbio, akarudi. Kila mtu aliyewahi kuishi na kuku analijua hilo. Lakini Wizara iliajiri watu ambao hawakuwahi kuishi na kuku, ili wasiwe na upendeleo.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Bwana Kitwana, Mkaguzi wa Furaha, na vijana wake wawili, mmoja amebeba kipaza sauti.

"Karibu, baba," alisema Bi Mwanshamba kutoka dirishani. "Mmekuja watatu kumtazama kuku mmoja?"

"Tumekuja kwa niaba ya taifa, mama."

"Basi taifa livue viatu. Uani pamefagiliwa sasa hivi."

Kitwana hakuvua. Alichungulia bandani. "Huyu kwa nini yuko ndani saa za uhuru?"

"Analalia mayai."

"Nani kamlazimisha?"

"Mayai."

"Kwa hiyo unakiri kwamba kuna shinikizo." Akamgeukia kijana wake. "Leta hicho." Akaweka kipaza sauti mdomoni, hatua mbili kutoka kwa kuku, akanguruma: "Ndugu kuku! Serikali yako iko mlangoni! Toka bila hofu!"

Kishungi alitifua manyoya akawa mara mbili ya ukubwa wake. Kitwana akaingiza mkono. Akautoa haraka, kidole kinavuja damu.

"Ameathirika," alisema akikinyonya. "Amezoea minyororo hadi anaipenda."

"Baba, mkeo alipojifungua, siku ya pili ulimtoa akazurure?"

"Mama, usiniletee mke wangu kwenye kazi ya taifa. Omba radhi tumalize."

Hapa inafaa kueleza, maana msomaji anaweza kudhani nchi ile haikuwa na sheria. Ilikuwa nayo, tena nzuri. Hakuna afisa aliyeruhusiwa kugusa mtu wala mali yake kabla mwenyewe hajaomba radhi kwa kinywa chake. Sheria hiyo iliwekwa zamani kumlinda mwananchi, na mwananchi alizoea kuomba radhi upesi ili ulinzi uishe aendelee na shughuli zake. Watu waliomba radhi kwa mashamba yao kukaa mahali ambapo Mlezi Mkuu alitaka bwawa la kuogelea. Waliomba radhi kwa kukohoa wakati wa hotuba. Kila siku saa saba mchana redio ilikuwa na kipindi cha Radhi za Wananchi, na kilipendwa kiasi kwamba ilipigwa marufuku kukikata kabla anayeomba hajamaliza kuomba. Hakuna aliyewahi kukataa. Kwa hiyo hakuna aliyejua kukataa kunaleta nini, na wasiojua waliogopa kuliko ambao wangejua.

Bi Mwanshamba, ambaye ulimi wake ungeweza kukata kuni, aliinamisha kichwa kama alivyofanya maisha yake yote mbele ya watu wenye vyeo.

"Mtuwie radhi, baba," alisema.

Wakamtoa Kishungi. Wakamfunga kamba mguuni, kamba wakaifunga kwenye kigingi katikati ya ua, ili awe huru bila kurudi tena utumwani. Mlango wa banda wakaupigilia misumari. Kisha wakaenda nyumba inayofuata.

Siwema aliporudi kutoka kazini alimkuta shangazi yake amelishika dirisha kwa mikono miwili. Haruhusiwi kutoka. Uani, Kishungi alikuwa anavuta kamba kuelekea bandani, anaishiwa pumzi, anaanguka, anainuka, anavuta tena. Mguu ulikuwa umeanza kuchubuka.

"Tangu saa ngapi?"

"Usiulize, mwanangu. Nimetazama hadi macho yamechoka."

Siwema alichukua kisu cha jikoni akakata kamba. Akaleta nyundo ya marehemu baba yake, akaing'oa misumari, mmoja, wa pili, wa tatu ukilia kama mtoto, na kila ulipolia pazia moja la jirani lilitikisika. Alijua kwamba wanamwona.

Mlango ulipofunguka tetea alimpita miguuni akaingia. Akayagusa mayai kwa mdomo, moja moja. Siwema alilitoa moja, akaliweka shavuni.

"Yana joto?" sauti ya dirishani ilikuwa nyembamba.

"Yana joto, shangazi. Bati la banda limeshika joto la jua."

*

Asubuhi wakaguzi walikuwa uani kabla ya chai. Safari hii Kitwana alining'iniza redio shingoni. Hawakugusa kitu. Walisimama tu kando ya banda wakingoja, kama watu wanaongoja basi.

Bi Mwanshamba alikuwa amelala hapohapo dirishani. Alimvuta Siwema sikio.

"Alfajiri, kabla ya saa za uhuru, nilitoka nikamnyooshea mkono nikatoa yai, nikaliweka hapa," akagusa sikio lake. "Wamo. Wanalia ndani. Ni leo, mwanangu, wakiachwa na mama yao. Wakipoa leo wanafia mlangoni."

Siwema alivaa viatu. Alikuwa ameitwa Wizarani.

"Lakini wewe omba tu radhi," shangazi yake aliongeza, na safari hii hakumtazama. "Kazi ni kazi. Kuku ni kuku. Tutapata mwingine."

"Mwenye kishungi?"

Bi Mwanshamba alianza kukunja kanga ambayo ilikuwa tayari imekunjwa.

Mheshimiwa Mbaruku alimpokea Siwema akiwa na kitambaa cheupe kifuani na bakuli mbele yake. Alikuwa anachambua shingo.

"Binti yangu! Sauti ya taifa! Kaa. Umekula?"

"Nimeshiba, Mheshimiwa."

"Kuku mtamu sana huyu. Amehitimu jana." Akafuta vidole. "Sasa, hili lako ni dogo. Umerudisha kuku kizuizini. Umevunja misumari ya umma. Lakini sisi si watu wa visasi. Leo kwenye kipindi cha radhi utaomba radhi wewe mwenyewe. Mlezi Mkuu atakuwa anasikiliza pamoja na wageni wa mayai. Wataona nchi ambayo hata mtangazaji akimfungia kuku, anajuta hadharani. Wapi kwingine utapata hiyo?"

"Na kuku?"

"Ukimaliza tu kuomba, vijana wangu walioko kwenu watamhamishia Bustani ya Uhuru, hapa nyuma." Alionyesha kwa kijiko upande wa jikoni. "Banda litachomwa moto. Mayai yataachwa pale uani yajiamulie."

"Yajiamulie nini, Mheshimiwa?"

"Mustakabali wao."

Siwema alitazama ile shingo bakulini. "Na nisipoomba?"

Waziri alicheka hadi mchuzi ukalowesha tai. Kisha kicheko kikakatika katikati. Akamtazama katibu wake, na katibu akatazama dari.

"Kwa nini usiombe? Kila mtu huomba."

"Nauliza tu."

"Hilo swali halina jibu. Halijawahi kuwapo." Akainama mbele, na sauti ikapoa. "Nisikilize vizuri, binti. Hiyo sauti unayoringia si yako, ni ya taifa. Taifa likitaka linaikalia. Utakuwa unaita hata paka na paka hageuki."

*

Studio ilikuwa na joto. Lwitiko alimwekea maji, akamwegemea sikioni kana kwamba anarekebisha waya.

"Dada Siwema, soma tu tutoke salama. Mimi nina watoto. Ukishapita, watasahau."

"Kuku watasahau?"

"Mimi sikujui wewe na kuku wako." Lakini alimgusa bega kabla ya kurudi chumbani kwake.

Nyuma ya kioo Waziri alikuwa ameshaketi, koti limefungwa vifungo vyote, na kila Siwema alipoinua macho alimwonyesha kidole gumba. Taa nyekundu ikawaka.

Siwema alisoma habari. Alisoma kwamba mvua zimechelewa kwa mujibu wa ratiba. Alisoma kwamba furaha ya kuku imepanda. Sauti yake ilikwenda vizuri, ikashuka mahali pa kushuka, na kwa muda hata yeye aliiamini. Kisha akafika.

"Na sasa ni Radhi za Wananchi. Mimi, Siwema Makungu, kwa moyo mkunjufu, kwa kosa la kumrudisha kuku kizuizini, ninaomba..."

Neno lililofuata lilikuwa hapo hapo kwenye karatasi, jeusi. Alilitazama. Akilini alimwona Kitwana uani, redio shingoni, mkono ameshaushikiza kwenye mlango wa banda, anangoja lile neno kama mtu anayengoja filimbi. Alimwona Kishungi ametandaza mabawa. Chini yake mdomo mdogo unagonga ganda kutoka ndani.

Akanyamaza.

Redio ile haikuwahi kunyamaza. Hata usiku ilipiga ngoma. Ukimya ukatoka studio ukaingia kila nyumba nchini, watu wakaacha vijiko hewani. Kwenye Ikulu, wageni wa kofia za ukindu lazima walimwuliza Mlezi Mkuu kuna nini, na lazima alishtuka kwa swali la pili.

Waziri aligonga kioo. Siwema hakusikia, lakini midomo aliisoma: "Kata! Kata!"

Lwitiko alikuwa ameweka kidole kwenye swichi. Alimtazama Waziri, akamtazama Siwema, na polepole sana aliinua nyusi zote mbili. Safari hii hakuzishusha. Akabonyeza kitufe cha kuongea na studio, na kwa bahati mbaya, au kwa bahati nzuri, akakiacha kimebonyezwa, hivi kwamba taifa zima likamsikia akijibu kwa upole: "Siwezi, Mheshimiwa. Ni marufuku kukikata kipindi kabla hajamaliza kuomba. Na hajaomba."

Siwema aliikunja karatasi.

"Bwana Kitwana," alisema kwenye kipaza sauti, "toa mkono wako kwenye lile banda. Najua umeushika. Sijaomba radhi bado, kwa hiyo huna ruhusa ya kugusa hata pumba."

Akavuta pumzi. Sauti haikuwa ile ya habari. Ilikwaruza, kama sauti ya mtu aliyemwita mtoto barabarani.

"Ndugu wasikilizaji, kuku wetu mlango wake uko wazi. Nimeufungua mimi kwa nyundo. Ameutazama huo mlango akaamua kukaa, kwa sababu ana kazi. Wa kwenu mliambiwa muwafukuze nje ndio wawe huru, na nyinyi mfungiwe ndani ili msiwatishe. Niliyewasomea amri hiyo ni mimi, nikaisoma vizuri. Sasa nasoma hili. Sheria inasema hakuna wa kukugusa kabla hujaomba radhi. Imekuwa ikisema hivyo tangu babu zetu. Shangazi, kama unanisikia, fungua mlango. Toka. Kaa karibu na banda. Wakikuambia omba radhi, usiombe."

Waziri alikuwa amesimama, uso umefura, anamtafuta mtu wa kumwamuru. Katibu wake alitazama dari. Askari wa mlangoni alitazama buti zake, maana hata yeye hakufundishwa lolote kuhusu mtu wa namna hii. Chini, barabarani, Siwema aliona kupitia dirisha la studio mlango mmoja ukifunguka. Mama mmoja akatoa mguu, akaurudisha, akautoa tena, akasimama kizingitini ameshika mwiko. Kisha mlango wa pili.

Simu ya fundi ikawaka; alikuwa jirani wa Bi Mwanshamba. Lwitiko alisikiliza, mkono umefunika mdomo. Akaandika haraka kwa wino mzito, akabandika karatasi kwenye kioo: SHANGAZI YUKO NJE. YAI MOJA LIMEPASUKA. MDOMO UNAONEKANA.

Siwema aliisoma mara mbili.

Waziri akampokonya Lwitiko kitufe. Sauti yake ilijaa studio, na kwa kuwa hakujua mitambo inavyofanya kazi, ilijaa nchi nzima pia: "Siwema! Binti yangu! Tunakuomba! Neno moja tu, neno moja kila mtu aende zake!"

Mkaguzi uani, wageni Ikulu, mama wa mwiko mlangoni, wote wakangoja. Siwema akausogeza mdomo karibu na kipaza sauti.

"Mheshimiwa Waziri anataka neno moja," alisema. "Nampa mawili. Siombi radhi."